Usiruke Jumamosi: Vidokezo vya Matumaini kutoka Garissa

Alfajiri ya Aprili 2, 2015, watu wenye silaha waliingia Chuo Kikuu Kishiriki cha Garissa. Wanafunzi wengine walikuwa bado wamelala bwenini, wengine walikuwa darasani katika sala ya asubuhi. Kufikia jioni watu 148 walikuwa wameuawa, 142 kati yao wanafunzi. Kwa Wakatoliki siku hiyo ilikuwa Alhamisi Kuu. Siku tatu baadaye, Kanisa Kuu la Bikira Maria Mama wa Faraja mjini Garissa liliadhimisha Pasaka huku askari wenye bunduki wakilinda. Askofu Joseph Alessandro, Mmalta wa shirika la Wakapuchini, aliwaongoza waumini kuyaunganisha mateso ya waliouawa na jamaa zao na mateso ya Yesu mwenyewe.

Mtu anaimbaje Aleluya Jumapili kama ile? Waliimba, na si kwa sababu walikuwa wamesahau. Kaskazini Mashariki mwa Kenya pamepitia mashambulizi, ukame, mafuriko na mauaji ya kale ambayo wazee hawajamaliza kuyasimulia, na watu wa huko wanajua mengi kuhusu kutumaini ambayo sisi tulio mbali tungefaa kujifunza. Vidokezo hivi nimevichota huko na katika Maandiko. Vinakufaa wewe uliyefiwa, unayemuuguza mzazi, uliyeachishwa kazi, au unayeamka usiku na kuhisabu madeni. Chukua kinachokufaa leo, vingine vitakusubiri.

1. Anza kwa kulalamika

Ndiyo, lalamika, tena mbele za Mungu mwenyewe. Karibu theluthi moja ya Zaburi ni malalamiko, na Kanisa linazisali kila siku katika Masifu ya Asubuhi na ya Jioni. Fungua Zaburi ya 13 uone jinsi mwandishi anavyomuuliza Mungu, tena na tena, atasahauliwa hadi lini. Kisha soma ya 88. Zaburi nyingine nyingi huanza kwa kilio zikamalizia kwa sifa, lakini hiyo inaanzia gizani na kuishia gizani, na bado imo ndani ya Biblia. Aliyeiandika hakuona mwanga wowote siku ile, ila alikuwa bado anazungumza na Mungu. Hapo ndipo matumaini yalipo. Aliyekata tamaa kabisa hana wa kumlalamikia.

Yesu naye msalabani alisali kwa maneno ya Zaburi ya 22, yale ya mtu aliyeachwa. Ikiwa Mwana wa Mungu aliruhusiwa kuuliza kwa nini, nawe umeruhusiwa.

Fanya hivi: soma mojawapo ya zaburi hizi kwa sauti, ukifika mahali pa adui au ugonjwa au shimo, weka jina la jambo lako. Sema "hospitali," sema "karo," sema jina la mtoto.

Na ukienda kwenye matanga ya mwenzako, tafadhali usimwambie kwamba Mungu alimpenda marehemu zaidi, wala usiharakishe kutamka kwamba hayo ni mapenzi ya Mungu. Rafiki zake Ayubu walifanya vizuri sana siku saba za kwanza, walipokaa naye chini bila kusema neno. Waliharibu walipofungua vinywa kumweleza sababu ya mateso yake. Mwisho wa kitabu Mungu anawakasirikia wao wenye maelezo mengi, na kusema kwamba aliyenena vema ni Ayubu, yule aliyelia na kubisha.

2. Kula kwanza, kisha lala

Nabii Elia alikuwa ametoka kushinda pale Mlima Karmeli, lakini Malkia Yezebeli alipoapa kumuua alikimbilia jangwani, akaketi chini ya mretemu na kuomba afe. Soma Wafalme wa Kwanza, sura ya 19, uone Mungu alimtendea nini. Malaika hakuja na hotuba. Alimletea mkate uliookwa juu ya makaa na mtungi wa maji. Elia akala, akalala tena. Malaika akamgusa mara ya pili, akamlisha tena, kwa sababu safari ilikuwa ndefu. Maswali makubwa yalikuja baadaye, siku arubaini baadaye, mlimani Horebu.

Watu wengi wenye imani hufanya kinyume. Msiba ukiingia wanafunga kula, wanakesha, wanalazimisha mwili uliochoka usali usiku kucha, halafu wanashangaa roho imekauka. Kula uji, kunywa maji, lala. Mtu akikuletea chakula, pokea.

Na ikiwa usingizi umekataa kwa majuma, au ukisikia mlango ukibamizwa moyo unakurukia, tafuta mshauri nasaha au daktari. Mwaka 2015 Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya liliweka washauri kwa ajili ya familia zilizokuwa zikisubiri habari za watoto wao Nairobi, na mapadre na masista walikaa nao bega kwa bega. Huduma hizo mbili hazigombani. Aliyemtuma malaika na mkate ndiye aliyewapa wauguzi ujuzi wao.

3. Usiruke Jumamosi

Sisi Wakristo tuna haraka ya kufika Pasaka. Tunapenda Ijumaa Kuu kwa sababu ina maandamano na machozi, tunapenda Jumapili kwa sababu ina ngoma. Kati ya hizo mbili kuna siku ambayo Kanisa halina Misa mchana kutwa. Altare iko wazi bila kitambaa, tabernakulo iko tupu na mlango wake umeachwa wazi, Bwana yumo kaburini. Ni Jumamosi Kuu, na sehemu kubwa ya mateso ya binadamu hupita katika siku hiyo: jambo baya limekwisha kutokea, jambo jema halijaonekana.

Jumamosi Kuu ya mwaka 2015 ilikuwa Aprili 4. Jamaa walikusanyika Nairobi, wengine Uwanja wa Nyayo wakisubiri mabasi ya manusura, wengine katika chumba cha maiti cha Chiromo wakitafuta nyuso wanazozijua. Siku hiyohiyo huko Garissa, msichana mmoja mwanafunzi alipatikana akiwa hai, amejificha kabatini chini ya nguo tangu Alhamisi. Alikuwa amekaa gizani siku mbili akisali, na hata waokoaji walipomwita aliogopa kutoka mpaka alipohakikishiwa.

Siwezi kukuambia kwamba habari ile nzuri ilifuta zile nyingine. Haikufuta. Mama aliyekuwa Chiromo alibaki Chiromo. Ninachokuambia ni kwamba siku hiyo moja ilibeba yote mawili, na imani yetu ina nafasi rasmi katika kalenda kwa mtu ambaye hajui bado amesimama upande gani.

Kwa hiyo ukiwa katika Jumamosi yako, usijilazimishe kushangilia. Fanya kama wale wanawake wa Galilaya katika Injili ya Luka: walitayarisha manukato na marhamu, kisha sabato wakapumzika kama walivyoamriwa. Kazi ndogo iliyo mbele yako, halafu pumziko. Mtume Paulo katika barua kwa Warumi, sura ya 5, naye anaweka matumaini mwisho wa safari: dhiki inazaa saburi, saburi inamkomaza mtu, na ukomavu huo ndio unaozaa tumaini. Hapo ndipo Papa Fransisko alipochota neno la kufungulia Mwaka wa Jubilei wa 2025, ule wa mahujaji wa matumaini. Hujaji ni mtu aliye njiani.

4. Tafuta kisima kilicho karibu

Mwanzo sura ya 21. Hajiri amefukuzwa pamoja na mtoto wake, maji yameisha kwenye kiriba, jua la jangwani linawaka, na amemlaza kijana chini ya kichaka ili asimwone akifa. Mungu hakunyesha mvua. Alimfumbua macho, akaona kisima. Maandiko hayasemi kwamba kisima kiliumbwa dakika ile.

Hadithi hii inasomeka kwa namna ya pekee ukiwa Garissa au Wajir, mji ambao umeishi kwa visima vyake vya kuchimbwa kwa mikono. Jirani yako Mwislamu anamjua mama huyo kwa jina la Hajar, na kila anayekwenda Makka huzifuata nyayo zake kati ya Safa na Marwa na kunywa maji ya Zamzam. Ikiwa hujui uanzie wapi kuzungumza na jirani juu ya Mungu, anza na Hajiri.

Kila jioni taja kisima kimoja ulichokiona siku hiyo. Nesi aliyekusemesha kwa upole. Simu ya ndugu. Si lazima kiwe kikubwa. Kati ya mwaka 2020 na 2022 misimu mitano ya mvua ilishindwa mfululizo katika eneo hili, mifugo ikafa kando ya barabara, na wafugaji walioheshimika wakabaki na fimbo tu. Nabii Habakuki anamalizia kitabu chake akisema atamfurahia Mungu hata kama zizi halina kondoo wala banda halina ng'ombe. Ukisomewa maneno hayo mjini yanapita kama ushairi. Mfugaji wa Garissa anajua gharama yake.

5. Weka kitu mfukoni

Novemba 27, 2015, katika uwanja wa Kasarani, Papa Fransisko aliingiza mkono mfukoni mbele ya maelfu ya vijana wa Kenya, akatoa vitu viwili: rozari, na kijaluba kidogo chenye vituo vya Njia ya Msalaba. Aliwaeleza kwamba ndivyo anavyobeba ili asipoteze matumaini.

Iga hivyo, hasa ukisafiri. Safari ya Nairobi hadi Garissa kupitia Mwingi ni kilomita karibu 370, na ukiendelea hadi Mandera unahitaji siku nzima na zaidi. Matendo ya Uchungu ya rozari husaliwa Jumanne na Ijumaa, lakini hakuna atakayekukamata ukiyasali siku yoyote uliyoumia. Ukishindwa kusali, shika tu zile shanga. Vidole navyo vinasali.

6. Mwachie jirani abebe msalaba wako, hata kama si wa dini yako

Hiki ndicho kidokezo ninachokithamini kuliko vyote, maana bila Garissa nisingekijua.

Jumapili ya Julai 1, 2012, makanisa mawili ya Garissa yalishambuliwa wakati wa ibada. Katika kanisa la AIC (Africa Inland Church) waliuawa watu 17, na Kanisa Kuu la Kikatoliki likatupiwa guruneti, watu wakajeruhiwa. Siku chache baadaye viongozi wa Kiislamu wakatangaza kwamba vijana wao watayalinda makanisa. Fikiria hali ilivyokuwa: mji wenye Waislamu wengi mno kuliko Wakristo, hofu kila mahali, na kijana Msomali amesimama nje ya lango la kanisa ili mwalimu kutoka Kitui na polisi kutoka Bungoma wapate kumsikiliza Mungu wao.

Halafu likaja la El Wak. Novemba 2014 basi lililotoka Mandera lilikuwa limetekwa, abiria wasio Waislamu wakatengwa, na watu 28 wakauawa. Kila aliyesafiri njia ile baada ya hapo alijua kinachoweza kutokea. Desemba 21, 2015, basi la kwenda Mandera likasimamishwa kwa risasi karibu na El Wak, na wavamizi wakawaamuru Waislamu wajitenge na Wakristo. Waislamu wakakataa. Wanawake walikuwa wamekwisha kuwapa Wakristo hijabu zao wajifunike, na abiria wakasema ama wauawe wote ama waachwe wote. Mmoja wao, Salah Farah, naibu mwalimu mkuu huko Mandera, alipigwa risasi. Alifariki Januari 2016 akiwa anatibiwa Nairobi. Serikali ilimpa nishani baada ya kifo chake, na filamu ya *Watu Wote* ya mwaka 2017 imesimuliwa kutokana na tukio lile.

Injili inasema Yesu hakuubeba msalaba wake peke yake hadi mwisho. Alisaidiwa na Simoni wa Kirene, Mwafrika kutoka nchi ambayo leo ni Libya, mtu aliyekuwa akipita njia tu. Injili hazituambii kama alikuwa mfuasi. Kituo cha tano cha Njia ya Msalaba kinamkumbuka kila Ijumaa ya Kwaresima. Mimi sipiti tena kituo hicho bila kumkumbuka mwalimu Salah.

Kwa vitendo, basi: mtu wa dini nyingine akikupa pole, ipokee kwa moyo mmoja. Akitaka kukusaidia kubeba jeneza, mpishe. Na ukiumizwa na mtu mmoja au kundi moja, usilihukumu kabila zima wala dini nzima. Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulitamka tangu Oktoba 1965 kwamba Kanisa linawaheshimu Waislamu, wanaomwabudu Mungu mmoja. Kaskazini Mashariki tamko hilo limetiwa sahihi kwa damu, na upande wa pili ndio uliotia sahihi.

7. Mhudumie mtu mmoja anayeumia kuliko wewe

Mwaka 1969 alifika Kenya msichana wa Kiitalia kutoka Forlì, Annalena Tonelli. Hakuwa sista wala daktari. Alikuwa mlei aliyesomea sheria, akawa mwalimu Wajir, na huko akakutana na kifua kikuu. Wafugaji wanahama kufuata malisho, dawa za wakati huo zilimezwa kwa muda mrefu, basi wengi waliziacha katikati na ugonjwa ukarudi na nguvu. Tangu mwaka 1976 akawaalika wajenge vibanda vyao karibu na kituo cha matibabu, waishi kwa desturi zao katika manyatta, wameze dawa kila siku mbele ya mhudumu kwa miezi sita hadi wapone. Utaratibu wa namna hiyo ndio Shirika la Afya Duniani lilikuja kuueneza duniani kote katika miaka ya 1990. Ulianzia kwa mwanamke mmoja asiyetaka mgonjwa wake apotelee porini.

Februari 10, 1984, wanaume wa ukoo wa Degodia walikusanywa na wanajeshi wa serikali katika uwanja wa ndege wa Wagalla, karibu na mji wa Wajir. Walivuliwa nguo, wakanyimwa chakula na maji kwa siku kadhaa juani, na wengi wakauawa. Annalena alitafuta gari, akaenda kuwaokota majeruhi na kuwasitiri wafu, na kwa msaada wake habari za Wagalla zikapenya hadi kwa wanadiplomasia Nairobi. Mwaka uliofuata alifukuzwa nchini.

Kuna jambo katika kalenda linalonishika kila nikilifikiria. Februari 11, 1984, wanaume wale wakiwa bado wamelazwa juani Wagalla, Papa Yohane Paulo wa Pili alitia sahihi Roma barua yake ya kitume juu ya maana ya mateso ya binadamu, *Salvifici Doloris*. Barua hiyo inafikia kilele kwa mfano wa Msamaria Mwema: mateso yapo ulimwenguni, anasema Papa, ili yafungue upendo ndani ya yule anayeyaona. Hakujua lolote juu ya Wagalla. Lakini siku zile, kwenye ukingo wa uwanja ule wa ndege, kulikuwa na mtu anayeitekeleza barua kabla haijamfikia.

Annalena hakustaafu. Alihamia Somalia, kisha Borama katika Somaliland, akaendelea na wagonjwa wake wa kifua kikuu. Mwaka 2003 Umoja wa Mataifa ulimpa Tuzo ya Nansen kwa kuwahudumia wakimbizi. Oktoba 5 mwaka huohuo alipigwa risasi kwenye hospitali yake, akafa.

Hakuna anayekudai ufanye kama yeye. Chagua mtu mmoja. Mpelekee mgonjwa wa jirani sufuria ya chai, msindikize mjane kwenye ofisi anakozungushwa, mwandikie mfungwa. Uchungu ukikaa ndani peke yake unaoza, na mikono ikipata kazi unapata pa kupitia.

8. Msamaha usikuharakishe, lakini usiufungie mlango

Sista Leonella Sgorbati wa shirika la Consolata alifundisha wauguzi Kenya kwa miaka mingi, kisha akaenda kuanzisha mafunzo hayohayo Mogadishu. Septemba 17, 2006, alipigwa risasi akitoka hospitalini, pamoja na mlinzi wake Mwislamu, baba wa watoto wanne, aliyejaribu kumkinga. Waliokuwa naye walimsikia akikata roho huku akitamka mara tatu kwamba amesamehe. Mei 26, 2018, alitangazwa Mwenyeheri.

Ukisoma habari kama hiyo unaweza kujiona huna imani, kwa kuwa wewe bado una hasira. Usijihukumu. Msamaha wa Sista Leonella ulikuwa umepikwa kwa miaka 40 ya sala kila siku. Anza na sala ndogo ya kweli: Bwana, sijasamehe, nipe hamu ya kutaka kusamehe. Ipeleke kwenye Kitubio.

Tena kusamehe hakufuti mahakama. Yohane Paulo wa Pili alimtembelea gerezani mtu aliyempiga risasi mwaka 1981, akazungumza naye kwa upole, na mtu yule aliendelea kutumikia kifungo chake. Katika kesi ya Garissa mahakama ya Nairobi ilitoa hukumu Julai 2019: mmoja kifungo cha maisha, wawili miaka 41 kila mmoja. Mzazi aliyefuatilia kesi hiyo miaka minne hakumkosea Mungu. Haki nayo ni fadhila.

Na wapo wanaosamehe kwa miguu. Askofu Alessandro, niliyemtaja, alivamiwa na majambazi akiwa padre mwaka 1993 na kujeruhiwa kwa risasi. Alirudi kwao kutibiwa. Baadaye akarejea Kenya, na mwaka 2012 akakubali kuwa askofu mwandamizi wa Garissa.

9. Watajie wafu wako majina yao

Mkatoliki ana zawadi ambayo wakati mwingine anaiacha kabatini: anaweza kuwafanyia kitu wafu wake. Novemba 2 na mwezi wote ule, toa nia ya Misa na uandike jina kamili. Washa mshumaa. Mtembelee kaburini. Usikubali mtu wako awe sehemu ya hesabu tu.

Kalenda ya mwaka 2026 inaangukia sawasawa na ile ya 2015: Aprili 2 ni Alhamisi Kuu, Aprili 5 ni Pasaka. Mwombe padre wa parokia yako awakumbuke wale 148 wa Garissa katika sala za waumini Aprili 2. Itachukua nusu dakika.

10. Usikae peke yako, na usimwache mwenzako peke yake

Jimbo la Garissa ni kubwa kwa eneo na dogo kwa waumini. Lilianza kama eneo la kimisionari mwaka 1976, likawa jimbo kamili mwaka 1984 chini ya Askofu Paul Darmanin, na Februari 2022 aliteuliwa kuliongoza Mkenya, Askofu George Muthaka, Mkapuchini pia. Wakatoliki wake wengi ni wageni wa kazi: walimu, wauguzi, askari, wafanyabiashara, pamoja na wakimbizi Wakristo walioko Dadaab kutoka Sudan Kusini, Kongo na kwingineko. Januari 2020 walimu watatu waliuawa Kamuthe, na baadaye mamia ya walimu wasio wenyeji wakahamishwa. Waliobaki wanajua maana ya Jumapili ambayo kanisani mpo wachache.

Kwa waumini kama hao, jumuiya ndogondogo ndiyo Kanisa. Watu sita sebuleni, feni inazunguka, Injili ya Jumapili inasomwa mara mbili, kila mmoja anasema neno lililomgusa, kisha wanaulizana nani mgonjwa na nani amekwama kodi. Ukiwa katika mateso, nenda jumuiya hata kama huna la kusema. Waache wenzako wasadiki kwa niaba yako juma hilo. Yule mwenye kupooza katika Injili ya Marko alishushwa kupitia darini na watu wanne, na Yesu alitazama imani yao wao waliombeba.

Na ikiwa wewe ni mzima leo, una kazi. Kama una ndugu au rafiki aliyepangiwa kazi Garissa, Wajir au Mandera, mpigie simu Jumapili hii baada ya Misa. Muulize amesali wapi na amesali na nani. Kama amesali peke yake, msomee masomo ya siku hiyo kwa simu, na Jumapili ijayo umpigie tena.